Funza, Papasi na Usubi: Majina ya Wadudu Wadogo Waumao kama Ushahidi wa Historia

Utangulizi

Mtu aumwapo na mdudu mdogo uani mwake wakati wa magharibi, swali lake la kwanza huwa ni la jina kabla ya kuwa la dawa. Wenzake humjibu upesi, kwa kuwa lugha imekwisha kuyaweka majina tayari: ni mbu, ni usubi, ni kiroboto, ni papasi, ni funza. Majibu hayo hutolewa kwa wepesi kiasi kwamba ni rahisi kusahau kuwa kila moja ni kauli ya elimu. Anayesema "ni papasi" amekwisha kueleza mahali anapokaa mdudu huyo, saa anayotoka na namna anavyouma. Anayesema "ni usubi" ameeleza machache zaidi, na anayesema "ni funza" huenda akawa amesema mambo mawili yasiyohusiana.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza majina matatu, yaani papasi, funza na usubi, kwa kuyalinganisha na historia ya wadudu wenyewe kama ijulikanavyo leo. Hoja inayotetewa ni kwamba majina haya hayana umri mmoja wala usahihi mmoja. La kwanza lilimtenga mdudu wake sawasawa kabla wataalamu wa tiba hawajamtambua. La pili ni jina la zamani alilovikwa mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari. La tatu limewafunika pamoja wadudu wa jamii tatu ambao madhara yao hayalingani. Mwanahistoria aweza kuyatumia yote kama ushahidi, lakini mtunga kamusi hana budi kulipima kila jina peke yake, kwa sababu kosa katika jina la mdudu aumaye huweza kuwa kosa katika tiba na katika hukumu anayotolewa mgonjwa.

Yafaa kutanguliza neno moja juu ya istilahi. Neno "mdudu" katika Kiswahili ni pana kuliko lile linalotumiwa na wanazuoni wa viumbe kwa wenye miguu sita peke yao. Papasi na kupe wana miguu minane wakishakomaa, nao ni jamaa wa buibui, lakini hakuna msemaji anayesita kuwaita wadudu. Upana huo haukuzuia upambanuzi wa ndani. Methali isemayo kwamba kidole kimoja hakivunji chawa imesimama juu ya ujuzi wa mtu aliyemshika chawa na kujua kwamba haponzwi kwa kubonyezwa tu, bali hubanwa baina ya kucha mbili.

Papasi

Kiswahili kina majina mawili kwa viumbe ambao mgeni angeweza kudhani ni wa aina moja. Kupe ni yule anayemganda ng'ombe, mbuzi au mbwa, akanyonya kwa siku kadha wa kadha bila kubanduka. Papasi hukaa nyumbani kwa watu. Mchana hujificha katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, akamnyonya mtu aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni kabla ya kucha. Aliyeumwa aghalabu hamwoni. Huona alama tu asubuhi.

Wanazuoni wa viumbe nao huwatenga hawa wawili katika jamaa mbalimbali: kupe wenye gamba gumu mgongoni, na kupe laini wasio na gamba hilo. Papasi wa nyumba za Afrika ya Mashariki ni wa kundi la pili, naye huitwa kitaalamu Ornithodoros moubata, jina alilopewa na Murray mwaka 1877. Kwa hiyo mpaka uliowekwa na lugha kwa kutazama makazi na tabia unalingana na mpaka uliowekwa na sayansi kwa kutazama umbo.

Madhara ya mdudu huyu yalitajwa na wasafiri mapema. Livingstone, katika kitabu cha safari zake kilichochapishwa mwaka 1857, alieleza maumivu na ugonjwa uliofuata kuumwa na kupe wa majumbani katika nchi ya Angola. Lakini kisababishi hasa cha homa hiyo hakikuthibitishwa mpaka miaka ya 1904 na 1905. Ross na Milne, madaktari waliokuwa Uganda (na Ross huyu asichanganywe na Ronald Ross wa malaria), walionyesha mwaka 1904 kwamba homa ya kupe huletwa na kijidudu chenye umbo la uzi uliosokotwa kinachoonekana katika damu. Wakati huo huo Dutton na Todd, waliotumwa Kongo na chuo cha tiba ya nchi za joto cha Liverpool, walikuwa wakifikia jambo hilo hilo na kuonyesha kwamba papasi ndiye mchukuzi. Wote wawili waliugua homa hiyo. Dutton alifariki Kasongo mwezi wa Februari 1905, na kijidudu hicho hadi leo kinachukua jina lake. Robert Koch, aliyekuwa akifanya uchunguzi katika koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki mwaka 1905, aliongeza kwamba papasi jike hurithisha kijidudu hicho kwa mayai yake. Alikuta papasi wengi katika vibanda vya kupumzikia wapagazi kando ya njia za misafara.

Mambo mawili yaonekana katika habari hizi. La kwanza ni la mahali. Kasongo, mji wa Manyema, ulikua kwa biashara ya misafara iliyotoka pwani, na Kiswahili kilikuwa kimekita mizizi humo kabla ya utawala wa Wabelgiji. Njia za misafara, vibanda vya wapagazi, lugha ya misafara na mdudu wa vibandani vilikwenda pamoja. La pili ni la elimu. Mpagazi aliyekataa kulala katika kibanda kikuukuu kwa kuhofia papasi hakujua habari ya vijidudu vya damu, lakini alikuwa amekwisha kumtambua mdudu na kumjua kwa nyumba yake. Maabara ilithibitisha sababu. Utambuzi ulikuwa umetangulia.

Hapa msomaji atavutwa kulihusisha jina papasi na kitenzi papasa, kwa kuwa mdudu huyu hutembea gizani kama mtu atafutaye kitu kwa mikono. Dhana hiyo ni ya kupendeza, lakini mfanano wa sauti pekee si ushahidi. Onyo hili litaonekana kuwa la lazima katika sehemu ifuatayo.

Funza

Historia ya funza ni ya namna nyingine kabisa. Mdudu aingiaye miguuni, ambaye Wakenya wengi hivi leo humfahamu kwa jina hili, hakuwako Afrika ya Mashariki kabla ya robo ya mwisho ya karne ya 19. Kwao ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Wahispania walimjua tangu karne ya 16, na Linnaeus alimwingiza katika orodha yake mwaka 1758. Mwaka 1872 merikebu iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro ikafika Ambriz, katika pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa kuitia uzito, na wadudu wakiwemo. Kutoka hapo walisambaa kandokando ya pwani na kupanda mto Kongo, wakifuata miguu ya wapagazi, askari na wafanyabiashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wamefika kwenye maziwa makuu, na kabla ya karne hiyo kumalizika walikuwa pwani ya Bahari ya Hindi. Bara zima lilivukwa kwa muda usiotimia miaka 30, na mdudu ambaye urefu wake hauzidi milimita moja.

Maafa yaliyofuata yalikuwa makubwa kwa sababu watu hawakumjua. Oscar Baumann, aliyepita kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1892, aliandika juu ya watu wa Uzinza walioshindwa kulima kwa vidonda vya miguu, njaa ikawaingia. Wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa, ulioanza mwaka 1896, funza walikuwa miongoni mwa mateso ya vibarua. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na maendeleo ya uchumi katika historia ya Afrika ya Mashariki, aliliweka janga hili pamoja na sotoka, ndui na njaa za miaka ya 1890. Hakika mtu asiyejua kwamba kidonda chake kina mdudu ndani yake, na kwamba mdudu huyo hutolewa kwa ncha ya mwiba au sindano kabla hajavimba, hana njia ya kujiokoa. Ujuzi huo mdogo, ambao leo bibi yeyote kijijini anao, ulipaswa kujifunzwa upya na kila nchi ambamo mdudu alifika.

Ni katika hali hii ndipo lugha ilipotakiwa kutoa jina. Neno funza lilikuwa la zamani, nalo lilikuwa na maana ya mdudu mweupe, laini, asiye na miguu, azaliwaye katika nyama au tunda lililooza. (Kitenzi funza, chenye maana ya kufundisha, ni neno jingine linalolingana nalo kwa sauti tu.) Maana hiyo ya zamani haikufa. Biblia ya tafsiri ya Muungano, iliyotoka katika miaka ya 1950, hulitumia neno funza katika Injili ya Marko, mahali panaposemwa juu ya Jehanamu, na hakuna msomaji anayedhani kwamba waliokusudiwa ni wadudu wa miguuni.

Tarehe hizi zina faida kwa wasomaji wa kamusi za zamani. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake. Kitabu cha Steere juu ya Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870. Matini yoyote ya pwani ya wakati huo yanayotaja funza hayawezi kumkusudia mdudu wa miguuni, kwa kuwa hakuwa amefika. Kadhalika, utenzi au waraka usio na tarehe, ukimtaja funza wa miguuni waziwazi, hauwezi kuwekwa kabla ya miaka ya 1890. Hivyo mdudu aliye mdogo kuliko punje ya mtama anaweza kumsaidia mhakiki wa maandishi kukisia umri wa hati.

Lakini kwa nini jina la mdudu wa uozo akavikwa mdudu aliye wa ukoo wa kiroboto? Jibu limo katika kile alichokiona mgonjwa. Funza jike huingia chini ya ngozi, hasa kando ya ukucha, akiacha ncha ya mwili wake tu nje kwa ajili ya kupumua na kutaga. Kwa muda wa majuma mawili hivi mwili wake, uliojaa mayai, huvimba hata kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Mtu amtoapo haoni kiroboto arukaye. Huona kitu cheupe, laini, cha duara, kilichotoka ndani ya nyama. Kwa macho huyo ni funza, na jina likafuata macho. Jina la pili, tekenya, lilifuata mwili: kitenzi tekenya ni kumgusa mtu kwa namna imwashayo au imchekeshayo, na mwasho ndiyo dalili ya kwanza ya mdudu huyu. Kwa hiyo Kiswahili kilimpa mgeni majina mawili, moja kwa sura yake na jingine kwa hisi aletayo.

Lugha nyingine za eneo hili zinatoa ushahidi wa ziada. Waganda husema envunza, na Wanyarwanda imvunja, maneno yenye kufanana na funza, ilhali Wakikuyu wana neno lao, ndutu. Kwa kuwa mdudu alitoka magharibi, akafika nchi za maziwa kabla ya kufika Mombasa na Unguja, ni busara kuitafuta asili ya maana mpya ya funza barani, katika vinywa vya watu wa misafara, kabla ya kuitafuta mijini pwani. Hili ni jambo linalostahili kuangaliwa na wale wanaodhani kwamba kila maana ya Kiswahili ilizaliwa pwani ikasafiri bara.

Hapa pia ndipo lile onyo juu ya mfanano linapotimia. Jina la kitaalamu la mdudu huyu ni Tunga penetrans. Mwanafunzi wa Kiswahili huweza kudhani kwamba neno la kwanza ni kitenzi chetu tunga, akajenga hoja nzuri juu ya mdudu atungaye usaha miguuni. Hoja hiyo ingekuwa ya bure: tunga ni jina la mdudu huyu katika Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazili, lililochukuliwa na wataalamu wa Ulaya. Kiingereza nacho kilipotea katika njia hii hii. Neno jigger, litumiwalo Kenya kwa funza wa miguuni, na neno chigger, litumiwalo Marekani kwa mtoto wa utitiri aumaye majanini lakini asiyeingia mwilini, yamekaribiana mno hata wasomaji huchukua tiba ya mmoja wakaitumia kwa mwingine.

Madhara ya jina funza hayakuishia katika vitabu. Funza wa asili ni alama ya uozo na uchafu. Mdudu wa miguuni alipovikwa jina hilo alivikwa na lawama yake, hata mtoto mwenye funza akaonekana kuwa ameoza au ametoka katika nyumba ya wavivu. Ukweli ni kwamba mdudu huyu hukulia katika vumbi la sakafu isiyosakafiwa, hunyonya damu ya nguruwe, mbwa, mbuzi na panya kama anyonyavyo ya watu, na humwingia kwa wepesi asiye na viatu. Haya ni mambo ya umaskini wa makazi. Hayatokani na tabia ya mtu. Mtoto anayejificha asiende shule kwa aibu ya miguu yake anaumizwa na mdudu, na pia anaumizwa na neno.

Usubi

Jina la tatu linaonyesha tatizo la namna nyingine. Usubi ni wadudu wadogo mno warukao, wauma kwa ukali usiolingana na udogo wao. Sarufi yenyewe inaonyesha jinsi wanavyoonekana. Mbu huhesabika, mmoja au wawili. Usubi umo katika ngeli ya U, nao husemwa kama moshi au vumbi: usubi umejaa, usubi unauma. Mtu haoni mdudu mmoja mmoja bali huona wingu.

Ndani ya wingu hilo mna jamii tatu. Ya kwanza ni ya wale wenye urefu wa milimita moja hadi tatu, wazaliwao katika matope, mikoko na samadi yenye unyevu, ambao huuma hasa alfajiri na jioni. Hawa ndio wawasumbuao mara nyingi watu waketio uani karibu na zizi au kidimbwi. Ya pili ni ya nzi wadogo weusi wenye mgongo uliobinuka, wazaliwao katika maji yaendayo kasi, ambao huuma mchana karibu na mito. Ya tatu ni ya wadudu wenye manyoya na mabawa yaliyosimama kama herufi V, warukao kimya na kwa kurukaruka, ambao huuma usiku na kujificha mchana katika vichuguu na mashimo.

Tofauti hizi si za kupendezesha orodha. Jamii ya pili hueneza ugonjwa uletao upofu, na Tanzania ugonjwa wenyewe umeitwa usubi, jina la mchukuzi likawa jina la maradhi. Jamii ya tatu hueneza kala-azar, ugonjwa uliowapata askari upande wa kaskazini ya Ziwa Turkana mwaka 1940 na 1941, na ulioenea Kitui mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko Kenya uchunguzi ulionyesha kwamba vichuguu vilikuwa na sehemu kubwa katika habari hii. Anayeambiwa tu kwamba "usubi huleta maradhi" hajui kama ahofie mto, kichuguu au zizi.

Habari ya nzi wa mtoni katika magharibi ya Kenya yaonyesha jinsi utambuzi ulivyo kazi ngumu hata kwa wataalamu. Mwaka 1946 Garnham na McMahon walitia DDT katika mito ya bonde la Kodera ili kumwangamiza nzi aitwaye Simulium neavei, nao wakafaulu, ingawa hakuna aliyekuwa amekwisha kuwaona mabuu wake wala kujua wanakokaa. Waliyatafuta mawe na majani ya mtoni bila kuwapata. Mwaka 1950 ndipo van Someren na McMahon walipotangaza kwamba mabuu hao hushikamana na miili ya kaa wa mtoni. Kampeni ziliendelea hadi katikati ya miaka ya 1950. Nzi aliyetambuliwa kwa kuuma kwake alikuwa ameshindwa kabla makazi ya watoto wake hayajajulikana.

Mafunzo kwa watunga kamusi

Kamusi zetu, tangu za Madan (1903) na Johnson (1939) hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981), zimefanya kazi kubwa. Hata hivyo mtindo wa kueleza mdudu kwa maneno kama "aina ya mdudu mdogo aumaye" haumsaidii msomaji, kwa kuwa maelezo hayo yanawafaa wote. Mifano iliyojadiliwa yaonyesha kwamba wasemaji hutambua kwa mambo matatu: mdudu anakaa wapi, anauma saa ngapi, na anaacha alama gani. Kamusi ikiyaeleza hayo itakuwa imefuata njia ya lugha yenyewe na kumpa daktari na mwalimu kitu cha kutumia.

Kuhusu usubi, lugha ina njia nyepesi ya kutenga bila kubuni maneno mageni: usubi wa matope, usubi wa mtoni na usubi wa vichuguu yangefahamika mara moja. Kuhusu funza, wapo watakaosema kwamba maana ya kale imekwisha kuchukuliwa na neno buu, hivyo funza aachwe kwa mdudu wa miguuni. Hoja hiyo ina nguvu, kwani matumizi ya watu hayafutwi kwa amri. Lakini maadamu maana ya kale ingali hai katika maandiko na katika lawama, ni afadhali vitabu vya afya na vya shule vimwite tekenya, au walau vilitaje neno hilo sambamba na funza. Tekenya lina faida moja kubwa: huueleza mwasho, wala halimhukumu mgonjwa.

Hitimisho

Majina matatu yaliyochunguzwa yameonyesha njia tatu ambazo lugha hupitia ikutanapo na kiumbe kidogo kiumacho: kumtenga kwa makini mdudu wa nyumbani, kumvika mgeni nguo ya mwenyeji, na kuufunika wingi kwa neno moja. Hakuna njia iliyo ya aibu, na hakuna iliyo salama siku zote. Kazi iliyobaki ni ya kukusanya. Katika lahaja za pwani, katika Kingwana cha Kongo na katika Kiswahili cha bara mna majina ya wadudu ambayo hayajaandikwa pamoja na tabia za wadudu wenyewe, na wazee wayajuao hupungua kila mwaka. Wanaisimu wakienda na wataalamu wa wadudu, jina likachukuliwa papo hapo mdudu anaposhikwa, kamusi itapata usahihi, historia itapata tarehe, na mtu aumwaye uani atapata jibu lililo la kweli.